Kigari changu cha umeme kilivyogoma siku ya kumzika dada yangu (wenye wazee wanaotumia vigari hivi, someni)

Wakuu, nawasalimu. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo. Waliobaki pokeeni marahaba yenu mapema tuendelee.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, masika haya haya, na waliokuwepo wako hai. Anayetafuta chai apite nyuzi nyingine, hapa jiko halijawashwa.

Shule niliishia darasa la nne. Nikikosea herufi, nyoosheni wenyewe huko huko mliko.

Lakini mashine nazijua. Nilianza kwa kubeba magunia ya mpunga mgongoni kwenye mashine ya mtu. Leo watu wanabeba magunia kuleta kwangu. Hapa Ifakara wananiita Mzee wa Mashine, na hilo jina sikupewa kwa huruma.

Sasa tuje kwenye mguu.

Nina kisukari. Kidonda kilianzia kidoleni, ulikuwa msimu wa mavuno, foleni ya mpunga imefika barabarani, nikasema nitakiangalia baadaye. Baadaye ilipofika daktari alikuwa hana la kuangalia. Mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti.

Wakuu, kukatwa mguu kunauma, lakini kuna kitu kiliniuma zaidi. Kubebwa.

Siku ya kwanza kwenda kanisani baada ya kutoka hospitali, wanaume wawili walinishika huku na huku, wakaninyanyua kama kabati. Mmoja alikuwa amewahi kuwa kibarua wangu. Akawa ananiambia, "Pole pole mzee, usiogope."

Mimi. Nisiogope.

Nikasema kuanzia leo hakuna mtu atakayenishika. Nikakaa ndani. Watu wakadhani naumwa.

Binti yangu Imelda, anakaa Dar, akasikia. Akatafuta huko bandarini kwenye vitu vilivyotumika, akaniletea kigari cha umeme. Wenyewe wanaita mobility scooter. Sio wheelchair ile ya kusukumwa. Hiki kina usukani, kina kiti kinachozunguka, magurudumu manne, betri mbili chini ya kiti. Unabonyeza kidude kwa kidole gumba, kinaenda. Ukiachia, kinasimama na kujifunga breki chenyewe.

Mtaani wanakiita bajaji ya mzee. Waite wanavyotaka. Nilianza kwenda mashineni mwenyewe, kanisani mwenyewe, sokoni mwenyewe.

Kabla sijafika kwenye msiba, niwape kwanza matatizo niliyokutana nayo, maana najua wapo humu wenye wazazi wanaotumia hivi vitu na mafundi wa hapa kwetu ukiwapelekea wanazunguka tu kukishangaa.

La kwanza lilikuwa chaji. Nilikuwa nakichajia pale pale mashineni mchana. Mashine za kukoboa zikiwaka umeme unazama, kwa hiyo chaja inahangaika kutwa nzima na taa haigeuki kijani. Nikamlaumu Imelda kwamba ameuziwa betri mbovu. Nilipohamishia chaji nyumbani, taa ikageuka. Nikampigia. Nilimwambia betri zimepona. Hakuuliza zimeponaje, ni mtoto mwenye adabu.

Halafu msiviache vikae muda mrefu bila chaji mkisema hakuna safari. Masika ya mwaka wa kwanza nilikiacha hivyo kwa sababu ya tope. Betri zikafa kweli safari hii, zikaagizwa nyingine Morogoro.

Kuna siku kilizima palepale kwenye tuta la reli. Nilikuwa nimepakia gunia la mchele mbele ya kiti nikawa napandisha. Kikazima, hakuna taa wala mlio. Ni kwamba nyuma pale kuna kitufe kidogo cheusi cha reset. Mzigo ukizidi kinaruka nje, umeme unakatika. Unasubiri kidogo, unakibonyeza ndani, unaendelea. Gunia unalishusha, usibishane nacho.

Panya pia. Nilikuwa nakilaza karibu na pumba. Panya wakala waya. Sasa hivi nakilaza chumba ninacholala mimi.

Na msikioshe kwa pampu ya kuoshea bodaboda. Imelda alinikataza. Nilikiosha. Maji yakaingia kwenye connection za betri zikaota kutu, nikazikwangua kwa msasa asubuhi nzima.

Haya. Hayo yote niliyatatua mwenyewe. Ndiyo maana nilikuwa najiona nimekimaliza hicho chombo, hakuna tatizo lake nisilolijua.

Sasa dada.

Nilikuwa na dada mmoja, Agata, yeye mkubwa mimi ninayefuata na wa mwisho. Wazazi walishatangulia. Alikuwa anakaa kwenye eneo la familia, kijijini, njia ya kwenda Mlimba, hapo hapo yalipo makaburi yetu.

Huyu ndiye aliyenilea mgongoni. Mama alikuwa shambani anaamia ndege na kuvuna, dada mwenyewe mtoto, kanifunga mgongoni kwa kitenge kilichochakaa, anavuka nami majaruba. Nilikuwa mzito, ananiambia kila mara. Hadi uzeeni alikuwa akiumwa mgongo anasema ni mimi.

Siku niliyopeleka kigari akione alicheka sana. Pale kwenye swichi ya kuchagua mwendo kuna picha ya kobe na picha ya sungura. Kobe taratibu, sungura haraka.

"Desi, wamekuwekea na picha kama mtoto wa chekechea?"

Nikamwambia, "Cheka tu. Ndio mguu wangu huo. Hakuna wa kunibeba tena."

Akasema, "Mimi nilikubeba hukulalamika."

"Nilikuwa sijapata akili."

"Siku yangu ikifika utakuja na hiki?"

"Nitakuja nacho. Mwenyewe, bila kushikwa na mtu."

Akasema, "Utakavyokuja utajua wewe. Mimi nataka kitu kimoja, nisifunikwe kabla hujafika."

Kwenye ukoo wetu udongo wa kwanza anaweka ndugu wa kuzaliwa tumbo moja. Akiwepo, wengine wote wanasubiri, hata watoto wa marehemu. Na ndugu wa tumbo moja aliyebaki ni mimi peke yangu. Nikamwahidi.

Masika haya akafariki. Alilala, hakuamka. Mtoto wake mkubwa, Leonadi, analima mpunga huko huko, ndiye aliyenipigia.

Nilikodi kirikuu. Wanaume wakakibeba kigari wakakiweka nyuma, mimi nikakaa mbele na dereva. Tulipofika kikashushwa, nikakipanda, nikaingia nacho uwanjani mwenyewe mbele za watu wote. Nikaona wanavyotazama. Nikasema moyoni, dada, unaona.

Baadaye nikahamia kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nikakaa na wazee wenzangu. Kigari nikakiacha pembeni. Ufunguo mfukoni.

Sasa kwa wale mliozaliwa mjini. Kwetu msiba una watani. Sisi Wapogoro tuna watani wetu Wangoni, toka enzi za mababu. Siku ya msiba mtani anaruhusiwa kufanya ambayo mtu mwingine angefukuzwa. Anaweza kulala kwenye njia ya jeneza akasema halipiti. Anachukua sufuria yako, hairudi mpaka umkomboe. Na hupaswi kukasirika. Kazi yake ni kuhakikisha huzuni haiwavunji kabisa wafiwa. Lakini ni hao hao wanaochimba kaburi na kuchota maji.

Kiongozi wa watani pale ni Mama Ngonyani, bibi wa makamo yangu, jirani na shoga wa dada toka wote wana meno yote.

Akatoka jikoni, akaona kigari. Akaja akaninyang'anya kofia kichwani, akaivaa. Akaenda akakaa kwenye kigari, akakunja mguu mmoja ndani ya kanga. Akakunja na uso, kama mimi.

"Wapogoro, leo nimekuwa bosi. Leteni mpunga wenu nikoboe, nichukue mchele niwaachie pumba."

Watu wakaanza kucheka.

"Mnacheka nini? Bosi anapita. Nisukumeni."

Watani wawili, wanaume, wakasukuma. Hakikwenda, kimejifunga. Mmoja akainama nyuma akapapasa papasa, akasukuma tena, kikaenda. Wakamzungusha uwanja mzima, anapunga mkono, anatukana mashine zangu. Hata Leonadi, ambaye tangu nifike alikuwa hajafumbua mdomo, alicheka akashika mbavu.

Nami nilicheka. Kusema kweli nilihitaji.

"Mtani, shuka, utavunja kiti."

"Kiti kimekubeba wewe hakijavunjika. Hiki sasa changu. Utanikomboa kwa jogoo, tena mwekundu."

Akakirudisha alipokitoa, akaniwekea kofia kichwani, akarudi jikoni.

Yule mwanaume aliyeinama nyuma nilimwona. Nilimwona kwa macho yangu haya, wakuu, na sikutilia maanani.

Mchana tukaambiwa muda umefika. Katekista akaongoza sala, jeneza likatoka. Makaburi yako chini nyuma ya migomba, njia inateremka kuelekea majarubani. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa milimani, na wanaojua bonde letu wanajua maana yake.

Nikawaambia tangulieni, nakuja.

Nikahamia kwenye kigari, nikaweka ufunguo, taa zikawaka. Betri imejaa. Nikabonyeza kwa kidole gumba.

Pii, pii, pii. Hakiendi.

Nikazima nikawasha. Pii, pii, pii.

Nikasema hii ni reset. Nikapeleka mkono nyuma, kitufe kiko ndani. Nikashuka, nikakaa chini kwenye tope na suti yangu, nikanyanyua kiti, nikaangalia connection za betri, zimekaza. Waya wa panya niliouunga, mzima. Nikakifunika, nikajivuta nikapanda. Pii, pii, pii.

Uwanja ulikuwa umebaki na wanawake wanaoosha vyombo. Walikuwa wanajitahidi wasiniangalie. Hiyo ndiyo mbaya, mtu akijitahidi asikuangalie.

Leonadi akarudi anatembea haraka.

"Mjomba, jeneza limeshashuka. Wanakusubiri wewe."

"Nakuja."

"Maji yameanza kuingia kaburini. Walichota kwa ndoo kabla hatujashusha, sasa yanarudi."

"Nimesema nakuja."

"Tukubebe, mjomba."

"Usinishike."

Nilimfokea mtoto wa marehemu siku ya kumzika mama yake. Akasimama pale, mikono ina udongo, hajui aipeleke wapi. Mimi nikaendelea kubonyeza kidude na kile kitu kinaendelea kulia.

Matone yakaanza, yale makubwa makubwa.

Nikawa nawaza kumwambia waanze bila mimi. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Kwamba nivunje ahadi moja kati ya mbili, niende nimeshikwa au nisiende kabisa, na kusema kweli kutokwenda kulikuwa kwepesi zaidi. Ningesema mashine imegoma. Nani angebisha?

Ndipo akaja Mama Ngonyani kutoka makaburini, kanga imemganda mwilini, ndoo mkononi. Nikajua sasa atanimaliza kwa maneno.

Hakutania. Aliweka ndoo chini akasema, "Mpogoro, utani umeisha. Dada yako analowa."

Basi.

Nikatoa kidole kwenye kidude. Nikasema, "Sukumeni."

Leonadi akashika mgongo wa kiti upande mmoja, Mama Ngonyani upande wa pili. Wakasukuma.

Wakuu, kile kigari kilikwenda kama baiskeli tupu.

Na hapo hapo nikajua.

Kigari hiki kikiwa kimejifunga hakisukumiki. Nimeshajaribu nyumbani, watu wazima wawili walishindwa. Kwa hiyo kama kinaenda kirahisi hivi, maana yake kimefunguliwa. Kuna kimkono kidogo cheusi nyuma kabisa, chini ya kiti, karibu na gurudumu. Ukikivuta kwenda upande mmoja, mota inaachana na magurudumu, kinakuwa free, kwa ajili ya kusukumwa. Kikiwa hivyo taa zitawaka, betri itaonyesha imejaa, lakini hakitaenda ng'o, kitalia tu. Ndicho alichokivuta yule mtani ili wamsukume mwenzao. Walipomaliza utani hakuna aliyekirudisha.

Dawa yake ni kusema simameni, nipeleke mkono nyuma, nikirudishe kimkono, nizime ufunguo niwashe. Ningeshuka mwenyewe mpaka kaburini nikiwa nimenyoosha mgongo.

Tulikuwa tumefika kwenye migomba. Mteremko unaanzia hapo. Na kuna jambo la pili ambalo kila mwenye chombo hiki alijue. Kikiwa free hakina breki. Hakuna kabisa. Wakiachia, kinakwenda nawe mpaka majarubani.

Nikageuza shingo. Leonadi alikuwa analia huku anasukuma, bila sauti, mvua imechanganyika usoni. Mama Ngonyani anapumua kwa shida, kandambili zimemtoka, anakanyaga tope pekupeku. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, sijui aliuweka saa ngapi.

Nikasema, "Msiachie."

Mama Ngonyani akasema, "Nani aachie? Mzito kama alivyokuwa anatuambia."

Ndivyo nilivyofika.

Watu walikuwa wamesimama kwenye mvua na machepe, hakuna aliyekuwa ameanza. Katekista kafunika kitabu kwa joho lake. Wakanisogeza mpaka ukingoni, Leonadi akaweka mguu wake mbele ya gurudumu kuwa breki.

Nikainama, nikachukua udongo. Udongo wetu wa bondeni mnaujua, mweusi, ukilowa unanata kama ugali. Nikanyoosha mkono juu ya kaburi, nikaachia. Haukudondoka. Uliganda kiganjani. Ikabidi niukwangue kwa mkono wa pili, taratibu, kipande kwa kipande, watu wote wanasubiri. Hakuna aliyesema harakisha.

Halafu wakafunika.

Baadaye watu walipokwenda kunawa nilirudisha kile kimkono, nikawasha ufunguo, nikabonyeza. Kikaenda. Nikapandisha mwenyewe mpaka uwanjani.

Mama Ngonyani akaniona. Akasimama na ndoo yake.

"Kumbe kinatembea?"

"Kimepona."

Akakitazama, akanitazama mimi. Akasema, "Jogoo wangu yuko palepale."

Nilimpelekea wiki hiyo hiyo. Mwekundu, kama alivyotaka. Nilipofika nikamwonyesha kile kimkono, namna ya kukifungua na namna ya kukirudisha. Sasa wanaojua kukirudisha ni wawili.

Kwa hiyo wakuu, kwa faida ya wote.

Kigari kikiwasha taa na kulia bila kwenda, kabla hujafungua kiti wala kumpigia fundi, angalia kimkono cha nyuma. Hasa kama kimekaa kwenye mkusanyiko wa watu, iwe msibani, harusini au kanisani. Sisi kwetu ukimwona mzee kwenye kiti chenye magurudumu mkono unaenda wenyewe kusukuma. Atakifungua mtu kwa heshima au kwa utani, na hatakwambia. Mimi changu nimekipaka rangi nyekundu ile ya mashine, hata mwenye macho mabovu anakiona.

Kikiwa free kwenye mteremko, mtu asiachie.

La mwisho ni langu mwenyewe, si la kigari. Bado nakwenda mashineni mwenyewe na bado sipendi kubebwa, msije mkadhani nimebadilika sana. Ila Jumapili iliyopita pale kanisani kuna ngazi moja ndogo kigari hakiwezi. Yule kibarua wangu wa zamani alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia, anaogopa kunisogelea.

Nikamwambia, "Njoo ushike hapa."

Akaja akashika.

Wenye vigari hivi, au wenye wazazi wanaovitumia, semeni hapa chini vyenu vinasumbua nini, tusaidiane. Anayejua duka la betri zake lililo karibu kuliko Morogoro aniambie. Na kama kuna Mngoni humu anayetaka kunitania, anitanie, lakini asiguse kimkono.